Maalim wa Springi

Hakuna anayemwita kwa jina katika mtaa wetu wa Gaithersburg, hapa Marekani. Wapo wanaolijua, nami ni mmoja wao, lakini kwetu sote yeye ni Maalim. Watoto wanaosoma Kurani kwake siku za Jumamosi wanamwita hivyo, wazazi wao pia, na mimi Mlutheri wa Singida, ambaye sijawahi kukaa kwenye mkeka wake, ninamwita hivyo kwa sababu yangu mwenyewe. Alinifundisha springi.

Mwishoni mwa kiangazi kilichopita binti yake alinipigia simu. Ni mtu mzima, anaishi Bowie na familia yake, na Kiswahili anakielewa chote ila nusu ya majibu yake hutoka kwa Kiingereza.

"Auntie," akasema, "Baba amekataa tuuze ile pikipiki. Nimemwambia, okay, apande mara moja, mbele yangu. Akiumia tu, naiuza. Ame-agree. Lakini anataka wewe uirekebishe kwanza. Anasema mwili wake umebadilika."

Ulikuwa umebadilika kweli. Wakati wa baridi Maalim alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, na alipotoka hospitali nguo zake zilimning'inia kama zimeanikwa juu yake. Daktari alimruhusu kutembea, kuendesha gari, hata kupanda pikipiki polepole, alimradi asirushwerushwe. Sasa pikipiki yake, ambayo kwa miaka mingi aliitengeneza kwa kipimo cha mwili wake wa zamani, ilikuwa ngumu kwake kama benchi la mbao. Nikiiweka sawa, angebaki nayo. Nikikosea, ingeuzwa, na pamoja nayo zingeondoka Jumapili zake zote za kupanda pikipiki na marafiki.

Nilisema ndiyo. Halafu nikakaa na simu mkononi, nikijiuliza kama yale niliyoyasikia kwake miaka yote nilikuwa nimeyaelewa, au niliyasikia tu.

Tulijuana kwa kicheko. Nyumba yake iko safu ya pili, gereji yake inatazamana na yangu. Nilikuwa nimemnunulia binti yangu pikipiki ndogo ya mashambani, ile yenye matairi ya meno, isiyoruhusiwa barabarani. Binti akaenda chuo, pikipiki ikabaki ikila vumbi. Zamani, kabla sijaja Marekani, nilikuwa mhudumu wa afya nikizunguka vijiji vya Iramba kwa pikipiki, na asubuhi moja hamu ikanishika. Nikaitoa nje, nikaipanda. Ikashuka. Ikaendelea kushuka. Ilipokoma, magoti yangu yalikuwa karibu na masikio, na madigadi ya nyuma imelala juu ya tairi.

Ng'ambo ya uchochoro nikasikia mtu akicheka. Alikuwa mzee mnene, kofia ya viua kichwani, koti la kazi lililopauka mwilini, kikombe cha chai mkononi.

"Mama, hiyo pikipiki imekaa kitako!" akasema. "Inyanyue kwanza wewe, ndipo nayo ikunyanyue."

"Ni ya mtoto," nikajitetea.

"Naona. Na wewe si mtoto. Hilo si kosa lako wala si kosa lake, ni springi tu. Wa wapi wewe?"

"Singida."

"Ahaa! Watu wa kuku. Basi lete kuku, mie nitatafuta springi."

"Na wewe?"

"Pemba."

Hapo nami nikapata nafasi. "Lo! Mimi nilisikia Wapemba mnasafiri kwa ungo. Pikipiki ya nini tena?"

Akanywa chai yake taratibu, akanitazama kwa uzito kama mtu aliyeulizwa suala la fiqhi. "Ungo," akasema, "hauna shokapu."

Tangu siku ile hatukuacha kutaniana, na tangu siku ile nilianza kujifunza.

Kama hujawahi kupanda pikipiki ya namna hii, ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa, maana si jambo gumu. Pikipiki ndogo hutengenezwa kwa mwili wa mtoto, kwa hiyo springi zake ni laini. Mtu mzima akikaa, springi inaminywa karibu yote hata kabla safari haijaanza. Ukikutana na shimo, haina tena nafasi ya kulimeza, na lile shimo linakuja moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wako. Wengi hudhani dawa ni kuikaza ile pete iliyo juu ya springi ya nyuma. Hata mimi nilidhani hivyo, nikaikaza mpaka ikagoma. Maalim aliniacha nimalize, akaniuliza, "Mtoto ukimsimamisha juu ya kigoda, amekuwa mtu mzima?"

Pete inainua springi, haiiongezei nguvu. Springi laini iliyoinuliwa ni springi laini ile ile. La kufanya ni kubadili springi yenyewe, na kubadili mbele na nyuma pamoja. Ukiimarisha nyuma peke yake, pikipiki inainama mbele kama ng'ombe anywaye maji, na siku utakapofunga breki kwenye mteremko utatua kwa pua. Halafu kuna mafuta. Springi hubeba uzito, lakini ikishaminywa ina hasira ya kurudi. Mafuta yaliyo ndani ya shokapu, lile bomba linaloandamana na springi, hupita kwenye tundu dogo na kuichelewesha, ili irudi kwa adabu. Pikipiki nyingi za watoto hazina mafuta mbele, zina springi na grisi basi, kwa sababu mtoto ni mwepesi na hasira ya springi yake ni ndogo. Mtu mzima anahitaji vyote viwili, cha kumbeba na cha kumtuliza.

Pikipiki ya Maalim nayo ni ndogo ya watoto kama yangu, na watu walimuuliza mara nyingi kwa nini hanunui tu kubwa, imalize maneno. Alikuwa na jibu moja. "Kubwa nikisimama miguu haifiki chini. Mie nataka chombo ambacho nikichoka naweza kusimama." Hivyo akachukua chombo cha mtoto akakifundisha kubeba mzee.

Mapenzi haya hayakuanzia kwenye pikipiki, yalianzia kwenye basi. Kabla hajastaafu, Maalim alikuwa dereva wa basi dogo lililopeleka wagonjwa wa figo Rockville kusafishwa damu na kuwarudisha nyumbani. Aliniambia kwamba mmoja wa abiria wake, bibi mmoja mnyamavu, alikuwa akiguna kila basi lilipovuka kiungo cha daraja, pale vipande vyake viwili vinapokutana. Si kwa nguvu, "mh" tu. Maalim alipunguza mwendo pale, lakini bibi akaendelea kuguna. Akawaeleza wakubwa wake, wakamwambia basi limekaguliwa na halina kasoro. Basi Maalim akamwomba dereva mwenzake aendeshe, yeye akaenda kukaa nyuma kabisa, pale kiti cha magurudumu cha yule bibi kinapofungwa, wakavuka daraja.

"Nikaguna mie mwenyewe," akaniambia.

Kwenye usukani ulikuwa huoni kitu. Nyuma mtu alikuwa akipigwa. Aliwasumbua wale wakubwa mpaka shokapu za nyuma zikabadilishwa, na kutoka hapo akawa mtu wa ajabu kidogo. Kila chombo chenye magurudumu alikitazama kwa kuuliza ni nani amekaa mahali pabaya.

Nimesema wa ajabu, na sitanii. Tulikuwa kwenye harusi moja Bowie, yeye na kanzu yake nyeupe na koti, mimi na kitenge changu cha kushonesha. Wageni wakingoja chakula, Maalim akatoweka. Nilimkuta kwenye maegesho akipita gari moja baada ya jingine, akizikandamiza pembe zake kwa viganja viwili na kutazama zinavyorudi juu. Gari zuri likishuka na kurudi mara moja likatulia, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Gari likidundadunda, anasikitika kama aliyeona mgonjwa. Akafika kwenye gari lililofungwa maua, akalikandamiza, na king'ora kikalia eneo zima. Mjomba wa bwana harusi akatoka mbio.

"Mzee, vipi! Unalifanyia nini gari la maharusi?"

"Nakuuliza wewe," Maalim akamjibu, bila kuondoa mikono. "Mtamchukua mtoto wa watu na kumpeleka fungate juu ya shokapu zilizokufa?"

Yule mjomba alitazama gari, akamtazama Maalim, akaanza kucheka hata akashika magoti. Maharusi waliondoka kwa gari la mjomba.

Na bado mtu huyu huyu, mwenye huruma na migongo ya watu asiowajua, hakuwa mtu rahisi kukaa naye. Alikuwa na subira na chuma, lakini chai ikichelewa alinuna. Kwenye barabara ya I-270 aliendesha polepole mpaka malori yakampigia honi, ila mtoto akisoma aya harakaharaka alimkatiza kwa ukali, "Unakimbilia wapi? Nani anakungoja?" Hakumwazima mtu spana hata siku moja. Ukimwomba, anakutazama, anaipangusa kwa kitambaa, anakwambia, "Kuazimana ni kugombana. Chukua, ni yako." Halafu anakwenda kununua nyingine, na wiki nzima analalamika kwamba watu wamemmalizia vifaa. Nina spana zake kadhaa. Sijui kama ni zawadi au ni malalamiko yaliyowekwa kwangu.

Njia yake ya kupima ndiyo ninayotaka ukumbuke kuliko yote. Pikipiki inawekwa juu ya kreti ili magurudumu yaning'inie. Anapima kwa tepu toka ekseli ya nyuma, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, hadi alama ya chaki aliyoichora kwenye madigadi. Kisha inashushwa, mwenye nayo anapanda akiwa amevaa kila kitu cha safari, helmeti, viatu, hata maji yake mgongoni, na kipimo kinachukuliwa tena. Tofauti ya vipimo viwili ni kiasi cha pikipiki ilivyoshuka kwa uzito wa mtu huyo. Ikishuka kama theluthi ya nafasi yote iliyo nayo ya kushuka, springi inamfaa. Ikishuka zaidi, ni laini mno, na ikishuka kidogo, ni ngumu mno. Basi. Kila kingine ni kurekebisha.

Siku ya kunipima mimi kulikuwa na tatizo la adabu. Maalim hawezi kuchuchumaa na tepu nyuma ya mwanamke asiye wake. Akamwita mkewe, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama. Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akafuta kwenye kanga, akachukua tepu. Maalim alisimama akiupa uso ukuta wa gereji, akisoma maandishi ya kopo la mafuta, huku Mama akimtajia namba. Nami nikiwa juu ya pikipiki nilijikaza, nikavuta tumbo ndani.

"We mwanamke, achia pumzi," Mama akaniambia. "Pikipiki haikuposi."

Ukutani mabega ya Maalim yakaanza kutikisika.

Njia hiyo hakuwa nayo tangu mwanzo. Ilizaliwa na kosa, na kosa lenyewe nadhani lingetokea kwa watu kama sisi tu.

Kuna rafiki yetu tunayemwita Papa, mtu wa Bukavu, mrefu na mpana, anayecheka kabla hajamaliza sentensi. Zamani, Maalim alikuwa akiwauliza watu uzito wao, kisha anaagiza springi kufuata jibu. Siku ambayo Papa alitaka pikipiki yake itengenezwe, Maalim alimuuliza sebuleni, mbele ya wageni, sinia la vitumbua katikati.

"Mi niko kilo makumi nane tu," Papa akasema, akijipapasa kifua.

Kila mtu sebuleni alijua kwamba hizo zilikuwa kilo za siku ya ndoa yake, na hata siku hiyo pengine alipunguziwa. Maalim naye alijua. Lakini atamwambia vipi mgeni wake, mbele za watu, kwamba si kweli? Akasema, "Inshallah," akaagiza springi ya kilo alizotajiwa.

Tulikwenda kujaribu kwenye shamba la rafiki yetu Mkenya, kaskazini ukishapita mji wa Frederick, ambako hukutana Jumapili. Papa aliondoka kwa mbwembwe. Kwenye tuta la kwanza pikipiki ilishuka hadi mwisho, chuma kikagonga chuma, ikamrusha akaangukia usukani kwa kifua. Hakuvunjika kitu, lakini kwa muda alikaa kwenye majani bila kupumua vizuri, na Maalim alikaa karibu naye, amemshika mkono, midomo ikitembea kwa dua.

Papa aliporudiwa na pumzi ndiye aliyeanza kubembeleza. "Non, non, Maalim, haiko kosa yako. Mi ndiye nilisema bongo."

"Wewe ulisema uongo wa haya," Maalim akajibu, "na mie nikakaa kimya kwa uongo wa heshima. Pikipiki haikuweza kubeba waongo wawili."

Tangu hapo hakumuuliza tena mtu yeyote uzito wake. Alisema swali lile linamweka mtu mahali ambapo lazima achague kati ya ukweli na uso wake, na si haki kumweka mtu hapo wakati tepu ipo. Tepu haimwaibishi mtu. Inakwambia pikipiki imeshuka kiasi gani, na pikipiki haina kabila, haina ndoa, haina umri.

Niliona baadaye kwamba jambo lile alilipeleka hata kwenye madrasa yake. Mama mmoja wa madrasa aliniambia. Zamani Maalim alikuwa akiwauliza watoto mbele ya wazazi, "Umehifadhi hadi sura gani?" na watoto wakitaja sura wasizozijua. Baada ya Papa kuanguka, aliacha. Alimkalisha kila mtoto karibu naye peke yake, akamwambia, "Soma," akasikiliza pale anapokwama, akaanzia hapo. Watoto wengi wa mtaa wetu, ambao nyumbani hujibu Kiingereza, wamesoma vizuri kwa sababu mtu mmoja aliacha kuwauliza swali.

Nami nimefaidika kuliko niwezavyo kusema. Ninafanya kazi maabara, na wakati mmoja nilipewa vijana wa kuwafundisha. Nilikuwa nikiuliza, "Mmeelewa?" nao wakijibu, "Ndiyo." Siku hizi sisemi hivyo. Ninasema, "Hebu nionyeshe." Nilipomweleza Maalim, alifurahi lakini hakutaka sifa. "Hiyo si yangu," akasema. "Ya Papa hiyo. Yeye ndiye aliyeanguka."

Basi ndiye mtu huyo aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki gerejini siku niliyokwenda baada ya simu ya binti yake. Nilikuwa nimemwona mara nyingi tangu hospitali, lakini kitandani au kwenye kochi, blanketi magotini. Gerejini, karibu na vitu vilivyozoea kumwona akiwa mkubwa, ndipo nilipoona jinsi alivyopungua.

Niliiweka pikipiki kwenye kreti. Nikapima. Nikaishusha. Mama akamshika kwapani upande mmoja, mimi nikashika usukani, akapanda. Alikaa vizuri, mgongo wima, mikono mahali pake. Pikipiki haikushuka. Ilitikisika kidogo tu, kama mtu aliyeguswa bega.

Mama alichuchumaa na tepu, akaniita niisome namba. Nikaisoma kwa sauti ya chini.

"Soma kwa nguvu," Maalim akasema. "Hiyo namba, si taarifa ya msiba."

Nikaisoma kwa nguvu. Akatazama mbele, kwenye gereji yangu iliyo wazi ng'ambo ya uchochoro, akafanya hesabu kichwani. Nilimwona akifika kwenye jibu. Mama akabaki amechuchumaa, kiganja chake juu ya mguu wa mumewe.

"Haya," akasema mwishowe. "Mtu mwembamba amehamia humu. Mtafutie springi."

Niliagiza springi laini kuliko zile zake, mbele na nyuma, na mafuta mepesi zaidi ya shokapu. Nilizifunga mwenyewe. Yeye alikaa kwenye kiti chake na hakunisaidia kwa neno hata moja, na hilo lilikuwa gumu kuliko kama angenisema. Nilipoinua kichwa kuuliza, alikuwa akitazama dari. Nikaelewa kwamba halipo swali la kuuliza. Nikapima tena, akapanda tena, ikashuka theluthi. Skrubu ndogo ya chini ya shokapu, ile inayoamua springi irudi kwa kasi gani, niliikisia tu, kwa sababu hiyo haipimwi kwa tepu. Ni mpaka mtu aendeshe.

Jumapili tulikwenda shambani. Mkenya mwenye shamba alikuwa amekata majani njia nzima. "Maalim, leo mdogo mdogo," akamwambia. "Hakuna ku-show off, sawa?" Papa alikuwapo, amebeba maji na kiti cha kukunja na mwavuli kama anayekwenda kumpokea waziri. Binti wa Maalim alisimama peke yake kwenye uzio, mikono amekunja kifuani. Nilikwenda nikasimama naye. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Ndiye aliyelala kwenye kiti cha hospitali karibu na baba yake wakati sisi wengine tulipeleka uji na kurudi kwetu.

"Kama akianguka, Auntie," akaniambia, "I will never forgive myself."

Nami nilikuwa nikiiwaza skrubu ile.

Maalim aliondoka kwa gia ya kwanza. Alipita kwenye majani, akakata kona ya uzio, akaelekea kwenye matuta madogo yanayovuka njia karibu na ghala. Tuta la kwanza. La pili. Aliinuka kidogo kwenye miguu kama alivyotufundisha, akakaa. Tuta la tatu, lililo kubwa kuliko yote, akapita. Halafu akapunguza mwendo, akageuza pikipiki.

"Kwa nini anarudi?" binti akauliza. "Something's wrong. Kwa nini anarudi?"

Alikuwa amekwisha kuweka mguu juu ya uzio ili aruke. Maalim alirudi kwa kando ya tuta, akageuza tena, akalipita tuta la tatu mara ya pili, taratibu zaidi, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza kitu. Kisha akaja kwetu. Alizima injini, akavua helmeti. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye mashavu yaliyobonyea.

"Baba. Inauma? Be honest."

"Inauma."

Papa akashusha mwavuli.

"Kinachoniuma," Maalim akaendelea, akininyooshea kidole, "ni kazi ya huyu. Mbele safi, sina neno. Nyuma inashuka vizuri, lakini inarudi kama imetukanwa, inanisukuma kiunoni. Nimelipita tuta lile mara mbili, nisije nikamsingizia. Ile skrubu ifunge robo mzunguko. Kwani hukuijaribu kwa mtu wa uzito wangu?"

"Wa uzito wako ni nani hapa, Maalim?" nikamuuliza. "Papa?"

Papa alicheka hata kiti cha kukunja kikamdondoka.

"Na tumbo?" binti akauliza. Yeye hakuwa akicheka. "Baba, tumbo je?"

"Tumbo limenyamaza, mwanangu." Alisema hivyo kwa upole, akimtazama yeye peke yake. "Wallahi limenyamaza. Bisibisi iko wapi?"

Binti alimtazama usoni, kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali ambapo uongo ungeweza kujificha. Kisha akaitazama pikipiki. Halafu akageuka, akaenda hadi kwenye gari langu, akafungua nyuma, nikasikia akipekua sanduku la vifaa.

"Which one?" akaita.

"Bapa," nikamjibu. "Ile ndogo."

Alikuja nayo. Nilinyoosha mkono, lakini hakunipa. Alipiga goti kwenye majani karibu na gurudumu la nyuma, akainama chini ya miguu ya baba yake, akaniuliza skrubu ni ipi, na robo mzunguko inaanzia wapi.